Eti "HUYU nimtolee miba?" Jamani PWEZA ANA MIBA???

Wana Mtwara kuchele habari za jioni. Natype hapa mkono unatetemeka, nusu hasira nusu njaa, sahani nimeiacha mezani.

Kuna mama ntilie mmoja wa kule stendi, jina silitaji na wala hakuna haja, mnamjua wote, yule anayeongea na mumewe kwa spika ya nje mpaka abiria wa Masasi wanajua deni lao la vikoba. Huyohuyo.

Leo nimetoka kufundisha, sioni kabisa toka niko darasa la nne, wanaonijua wananijua. Nikapanda bajaji, nikamwambia dogo nishushe kwa huyo mama nile wali na pweza wa nazi. Nikakaa, fimbo nyeupe nikaikunja nikaiweka mapajani, nikaagiza kwa mdomo wangu mwenyewe, mama wali, pweza, kachumbari, pilipili usinibanie. Kimya. Halafu namsikia juu ya kichwa changu anamuuliza dogo wa bajaji, ambaye alikuwa anatafuta chenji tu aondoke zake, "HUYU nimtolee miba au atatoa mwenyewe?"

Pweza. Miba.

Nikamwambia mama, mteja ni mie, niulize mie. Akanigeukia, sasa akaanza kupiga ukelele kama anaita mtumbwi ulioko ng'ambo ya Ruvuma, "BABAAA UNATAKA NA MCHUZIII?" Yaani kilichokufa ni macho, masikio yangu yanasikia mpaka vikoba vyako! Meza nzima ikageuka, ikaanza pole baba, Mungu ana makusudi yake, na mzee mmoja akanibandika mia mbili kiganjani. Mia mbili, mtu nakatwa kodi kila mwezi! Na dogo badala ya kuniokoa akajibu "we mtolee tu mama". AMTOLEE NINI?? Mnyama hana hata uti wa mgongo!

Nikatoa elfu kumi nilipe niondoke, chenji akampa dogo. Eti amshikie, nisije nikaibiwa. Noti zetu hazilingani urefu, elfu kumi ndefu kuliko zote, elfu moja fupi, vidole vyangu vinazijua kuliko macho ya watu wengi humu. Ila mtu anayetafuta miba kwenye pweza utamweleza nini.

Na kila tarehe 15 Oktoba, siku ya fimbo nyeupe, hawahawa ndo wanatuvalia tisheti wanapiga picha na sie.

---

Korosho Ghafi: Mkuu huoni halafu umeshusha uzi mrefu hivi? Hii chai.

Mleta uzi: Simu inanisomea kila ninapogusa. TalkBack imo hata kwenye simu yako, ingia mipangilio. Inasoma mpaka vikatuni vyako vya kucheka, kimoja kimoja, punguza basi.

Binti Mikindani: "We mtolee tu mama" 😂😂 huyo dogo wa bajaji atafutwe apewe uenyekiti wa mtaa

Mzee wa Ligula: Mwalimu nawe umezidi, mama wa watu kaonyesha huruma, ulitaka akutukane?

Mleta uzi: Nilitaka wali mzee wangu. Na angekuwa samaki changu ningenyamaza, changu ana miba. Kaniuliza PWEZA. Tena hajaniuliza mie, kamuuliza bajaji!

Kijana wa Sheria: Mshitaki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo toka 2010, kubagua mtu kwa ulemavu wake imekataza.

Korosho Ghafi: Kesi ya miba ya pweza. Kielelezo namba moja, mnyama mwenyewe kwenye hotipoti.

Miwani Nene: Afadhali yako mwalimu wewe huoni moja kwa moja wanakuelewa. Mie presha ya macho imenila pembeni kote, naona katikati tu kama kwenye bomba. Nikimgonga mtu sokoni naambiwa nimelewa, nikishika fimbo naambiwa naigiza kwa sababu jana walinikuta nasoma meseji. Shemeji yangu mwenyewe aliniwekea vidole usoni, hivi vingapi? Mbele ya wakwe!

Binti Mikindani: Ukamjibu vingapi?

Miwani Nene: Nilimjibu kimoja ambacho hapa siwezi kukiandika

Hamisi Dishi: Mie huyo mama nina deni naye la tangu Ramadhani. Sie tunaoona wenyewe hatumuoni huyo pweza kwenye sahani yake, ni rangi ya mchuzi tu.

Bibi Shangani: Kwani sahani kauza shingapi siku hizi?

Mleta uzi: Elfu nne. Na sijala. Turudi kwenye mada tafadhali, mtu mzima nimeitwa HUYU.

Bibi Shangani: Elfu nne kwa vipande vitatu! Njooni huku jioni ufukweni, wa kukaanga, kipande na pilipili yake.

Hamisi Dishi: Wa Mikindani ndo pweza, huko kwenu mnatafuna kandambili

Mwana Newala: Watu wa pwani mna raha nyie. Sie huku juu tunalia na maji toka enzi za bibi zetu, pweza tutamchemshia nini?

Mleta uzi: Mada jamani!!

Korosho Ghafi: Mwana Newala hebu achana na maji, huko AMCOS, ushirika wetu wa korosho, washaanza kulipa? Huku kangomba, wale walanguzi wa korosho, wanapita usiku na mizani yao, kuuza kwa stakabadhi ghalani tunakusikia redioni tu

Mwana Newala: Bado. Kangomba wanashika kilo kwa shingapi?