MREJESHO: Niliuliza msanii chipukizi anapataje ukuta au nafasi ya maonyesho Kisumu

Wapendwa, nimerudi. Niliuliza msanii asiyejulikana aanzie wapi akitaka kuchora ukutani au kushiriki maonyesho ya jamii. Asanteni sana kwa kunijibu.

Ushauri uliofanya kazi ni wa kumwendea mwenye ukuta kwanza. Nilienda shule moja upande wa Dunga na mchoro mdogo wenye rangi, vipimo vya ukuta na bei ya vifaa. Walinunua rangi, mimi nikatoa kazi. Nilitaka kuchora kiboko, lakini akina mama wauza samaki wakaomba wachorwe wao na karai zao. Picha ikawa bora kuliko niliyopanga! Aliyesisitiza plasta mpya ikauke vizuri kisha ipakwe praima (rangi ya kwanza ya kushikilia rangi nyingine), Mungu akubariki. Rangi haijabanduka.

Yule dada aliyenishauri kuhusu hakimiliki, yaani haki za msanii juu ya kazi yake, pia nilimsikiliza. Tuliandikiana kwamba jina langu libaki ukutani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa msanii haki ya kutambuliwa hata akishaiuza kazi yake, kwa hiyo msione haya kulidai.

Ombi langu la kuchora ukuta wa barabarani halijajibiwa mpaka leo, na inauma. Kwenye maonyesho ya jamii, waandaaji walikubali mchoro wangu mmoja tu, na haukununuliwa. Ila mgeni mmoja aliyeuona ameniita nichore ukuta wa zahanati Ahero. Wa Kakamega na Nakuru mnaotaka mfano wa barua niliyopeleka shuleni, semeni niuweke hapa.