Vitabu vya rejea vya bunduki za kivita vinatupotosha, na sasa basi

Wakuu,

Vitabu vingi vinavyouzwa kama rejea ya wakusanyaji wa bunduki za kijeshi za zamani havistahili jina hilo. Ni katalogi za mnada zilizovishwa jalada gumu. Karatasi nzito, picha zinang'aa, bei inauma, na ukikiuliza kitabu swali moja tu, "umejuaje?", hakina jibu. Mwandishi aliona bunduki ngapi? Alizifungua, au alizipiga picha zikiwa mezani? Zilitoka mikononi mwa nani? Kimya.

Chukua Kar98k, bunduki ya askari wa Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa kawaida kiwanda cha Kijerumani kilipiga namba za bunduki kuanzia 1 hadi 9999 bila herufi, kikarudia 1 hadi 9999 kwa herufi a, kisha b, kisha c, na mwaka ulipogeuka kikaanza upya. Kwa hiyo namba 4521 peke yake haisemi lolote. Unahitaji herufi, mwaka na msimbo wa kiwanda vyote pamoja. Sasa kitabu kinaweka picha ya risiva (mwili wa chuma unaoshika mtutu na bolti) ya byf 42, yaani msimbo wa kiwanda na mwaka 1942, kinaiita "mfano bora wa asili", halafu kimefuta namba nzima pamoja na herufi! Kuficha tarakimu mbili za mwisho kunaeleweka. Ukificha herufi umeua ushahidi, kwa sababu msomaji hajui tena bunduki hiyo ilitoka mapema mwaka huo au karibu na Desemba.

Majedwali ya misimbo nayo ni aibu. "byf = Mauser Oberndorf", basi, wamemaliza. Kiwanda hichohicho kilianza na S/42, kikaja 42, kikaja byf, kikamalizia na svw mwaka 1945. Kabla ya mwaka kuandikwa kwa tarakimu ilitumika herufi: K ni 1934, G ni 1935. Mihuri ya wakaguzi wa kiwanda hicho nayo ilibadilika, WaA63, kisha WaA655, kisha WaA135. Jedwali lisiloonyesha mhuri upi ulienda na mwaka upi linampa mghushi uhuru wa kuchanganya sehemu atakavyo, na mnunuzi analipa akiwa ameshika kitabu mkononi.

Kinachoudhi zaidi ni sheria ya "kila kipande lazima kiwe na namba". Hiyo inafaa kwa bunduki za miaka ya mwanzo, ambapo hata skrubu zilipigwa tarakimu mbili za mwisho. Kufikia mwisho wa vita sehemu nyingi ndogo ziliachwa bila namba. Kar98k ya 1945 yenye namba kwenye kila skrubu ndiyo ya kutiliwa shaka, na kuna vitabu vinaisifu!

Halafu zile zilizotekwa na Wasovieti. Zilifunguliwa, zikapakwa rangi nyeusi, mbao zikapigwa shelaki (aina ya vanishi) nzito, zikaunganishwa bila kujali bolti ya nani. Bolti ikachorwa namba mpya kwa kalamu ya umeme au ikapigwa muhuri upya ili ilingane na risiva. Ukiona kwenye picha namba ya zamani imekatwa kwa mstari, au tarakimu za bolti zina umbo tofauti na za risiva, hiyo imelinganishwa kwa nguvu. Kitabu kinachoiandika "namba zinalingana" bila neno la ziada kirudishwe dukani.

Kwa M1 Garand, bunduki ya Marekani ya vita hiyohiyo, mambo ni mengine kabisa, na waandishi wengi wanayachanganya. Jeshi la Marekani halikupiga namba ya bunduki kwenye kila kipande. Vipande vilibeba namba ya mchoro: bolti D28287, fimbo inayoisukuma D35382, sanduku la triga D28290, kisha kistari, namba ya marekebisho na SA (kiwanda cha jeshi cha Springfield) au WRA (Winchester). Kazi ya kitabu ni kukuambia rekebisho lipi linakubaliana na risiva ya kipindi kipi. Vivyo hivyo mihuri ya ubao wa kitako ya Springfield, yaani herufi za majina ya maafisa SPG, GHS, EMcF, GAW na NFR, ilifuatana kwa zamu. Picha ya muhuri ikipigwa kwa mwanga wa mbele haina maana, kwa sababu kina hakionekani. Mwanga utoke ubavuni, chini, na rula iwe kwenye picha. Muhuri wa zamani kingo zake zimelainika na mafuta yameingia ndani yake. Muhuri mpya unakata nyuzi za mbao waziwazi.

M1 Carbine, bunduki fupi ya Marekani: zaidi ya milioni 6, makandarasi wakuu 10, kila mmoja akigawiwa mafungu ya namba kabla hajaanza kutengeneza. Namba kubwa inaweza kuwa imetoka kiwandani kabla ya namba ndogo. Kitabu chenye jedwali moja la "namba hii, mwezi huu" kwa viwanda vyote kimekosea tangu msingi.

Na hapa hasira yangu inapanda. M1903, bunduki ya Marekani ya zamani zaidi: za Springfield chini ya namba 800,000 na za kiwanda cha Rock Island chini ya 285,507 zina risiva ambazo baadhi zilichomwa kupita kiasi, kwa sababu wahunzi walikadiria joto kwa macho. Chuma hicho huweza kuvunjika vipandevipande risasi inapolipuka. Kuna vitabu vinaeleza rangi ya mbao kurasa tatu na hili havigusi. Mtu anaweza kupoteza jicho!

Kabla hujalipa, fungua nyuma kwanza. Hakuna faharasa? Rudisha. Kisha tafuta mahali mwandishi anapotaja idadi ya bunduki alizochunguza na kiwango cha namba zake. Kisha nenda kwenye modeli unayoijua kuliko zote, kagua mambo matatu madogo. Akikosea mawili kwa unayoyajua, usimwamini kwa usiyoyajua.

#2

Mkuu umesema kweli, ongeza matoleo mapya. Linganisha toleo jipya na la zamani ukurasa kwa ukurasa. Wanabadilisha jalada na orodha ya bei, makosa yanabaki palepale. Bei zenyewe hazina kazi ndani ya kitabu cha rejea, zinachakaa kabla wino haujakauka.

Mimi naona bora vitabu vilivyoandikwa kutoka nyaraka za kiwanda, hata kama picha ni nyeusi na nyeupe.

#3

#2 hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Nyaraka zinasema kilichoagizwa. Kipande kipya kiliidhinishwa leo, lakini vya zamani viliendelea kufungwa hadi viishe kwenye mapipa. Ndiyo maana tarehe moja kali ya mabadiliko ni uongo. Kinachotakiwa ni kipindi cha mpito, chenye namba ya chini kabisa iliyoonekana na kipande kipya na ya juu kabisa iliyoonekana na cha zamani.

Na No. 4 (T), bunduki za wadunguzi wa Uingereza, msizisahau. Kila kitabu kinataja S51 (msimbo wa Holland & Holland, waliozigeuza kuwa za wadunguzi) chini ya kitako na namba ya darubini iliyopigwa kwenye shingo ya kitako. Waghushi wamesoma kurasa hizohizo. Bunduki zao zinapigwa picha, zinaingia kwenye kitabu kinachofuata, na kitabu hicho kinakuwa ushahidi wa kuuzia nyingine.

#4 (mwenye uzi)

#3 hoja ya mpito naikubali, nayo inafaa kuwa kipimo cha nne. Wekeni hapa jina la modeli, toleo, namba ya ukurasa, picha ipi, kosa ni lipi na bunduki gani inalithibitisha, herufi ya namba ikiwemo. Malalamiko yasiyo na ukurasa yasiwekwe.