Naomba ushauri: chaja moja ya USB kwa simu za aina zote
Wakuu, habari za leo. Naunda chaja ya kibanda changu cha kuchajia simu: betri ya sola ya volti 12, moduli ya kushusha hadi volti 5 ampea 3, matundu manne ya USB. Nikiunganisha D+ na D- (nyaya mbili za data za USB) pamoja, Android zinavuta vizuri, ila iPhone inanyonya nusu ampea tu. Nikaweka rezista, D+ ikasoma volti 2.7 na D- 2.0, iPhone ikachangamka, Android zikalegea! Waya nimebadilisha mara tatu, wapi.

Je, kuna IC (chipu) ya bei ya kawaida inayoitambua simu yenyewe, au nigawe matundu mawili mawili na kuyaandika kwa maka? Na hiyo ampea 3 itahimili simu nne kwa pamoja?