Naomba ushauri: mboga za bustani kwa watoto wachaguzi wa chakula shuleni

Habari zenu, ndugu zangu. Naishi Kinyerezi, Dar es Salaam, ambako nimepanda mchicha, matembele, hoho na karoti kwenye viroba na matuta machache nyuma ya nyumba, na kwa kuwa mboga zimestawi vizuri ningependa wanangu wawili wazile pia wakiwa shuleni. Tatizo ni kwamba mkubwa hagusi chochote cha kijani, na mdogo huuchambua wali punje kwa punje, kisha hurudi na majani yote yakiwa yamesukumwa pembeni mwa hotipoti.

Karoti iliyokunwa ndani ya chapati wanaila, na mayai yaliyokaangwa na hoho hayana shida. Mchicha ndio unaonisumbua, nami sitaki kuuacha kwa sababu una madini ya chuma. Huwafungia na chungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia mwili kuyafyonza madini hayo. Nimefikiria kuusaga na kuukandia kwenye unga wa chapati, ila nachelea kwamba ile rangi itawakimbiza.

Jambo jingine ni joto letu hili, hasa Januari hadi Machi: chakula hufungwa saa 11 alfajiri na kuliwa saa 6 mchana, na mboga ya nazi huchacha upesi mno. Je, ninyi mnawafungia nini kisichoharibika mapema? Na wenye watoto wachaguzi, mliwazoeshaje majani bila kuwalazimisha? Nitashukuru sana hata kwa pishi moja lililokubalika nyumbani kwenu.