Kipindi cha korona nilikuwa fiti kabisa imejensi, mbona hofu inanijia sasa hivi?

NesiWaUsiku
Habari za humu wakuu. Mimi ni nesi, nipo kitengo cha dharura na nimepiga kazi pale tangu korona inaingia 2020 mpaka inaisha. Cha ajabu ni kwamba wakati ule wenyewe, wagonjwa wanashushwa kwenye ambulensi wamebanwa pumzi, oksijeni ya kugombania, barakoa ya N95 unaivaa zamu nzima mpaka pua inachubuka, mimi nilikuwa sawa tu. Sio kwamba sikuogopa, niliogopa ila mikono ilikuwa inafanya kazi. Nikirudi nyumbani navua nguo mlangoni, naoga, nalala chumba cha peke yangu nisije nikawaambukiza watu, kesho yake narudi tena. Wenzangu wakawa wananiita komando na mimi nikalipokea hilo jina kwa furaha zote.

Sasa ndo naanza kusumbuka. WHO walishatangaza tangu Mei 2023 kwamba ile dharura imekwisha, wagonjwa wa namna ile siwaoni tena, lakini monita ikilia tu kwamba oksijeni ya mgonjwa inashuka moyo unaenda mbio, jasho linanitoka, naona kama hewa hainitoshi mimi mwenyewe. Na hapo ndo natakiwa nimsaidie mtu! Nikisikia kwenye habari kuna mlipuko wa ugonjwa mahali fulani usiku huo silali. Kila nikikaribia kuingia zamu tumbo linavuruga. Nimepima moyo, tezi, presha, damu, kila kitu kipo sawa.

Naomba kujua, hii ni kawaida? Na nikienda kwa mtu wa afya ya akili pale pale kazini si ndo nimejimaliza? Inchaji wetu ana roho nzuri ila siri haikai kwake.

Mkwaju77
Pole, lakini kazi uliichagua mwenyewe. Askari nao wakianza kulia hivyo itakuwaje? Fanya mazoezi, sali, acha kufuatilia habari za magonjwa, itaisha yenyewe.

MzeeWaKingora
Mkwaju77 askari unaowasema ndo hao hao wanashtuka usingizini miaka kumi baada ya vita, waulize wake zao.

Dada pole sana. Mimi ni dereva wa ambulensi, na sisi huwa hatuhesabiwi kwenye haya mambo, watu wakisema wahudumu wa afya wanawaza daktari na nesi, dereva na yule mama anayefagia chumba alichofia mgonjwa hawamo. Kinachonirudia mimi sio kifo, vifo nimeviona kabla ya korona. Ni ndugu wa mgonjwa. Kipindi kile walikuwa hawaruhusiwi kupanda, kwa hiyo unafunga mlango, mtu amesimama barabarani na kipochi cha mgonjwa mkononi anakuuliza nitamwona lini, na wewe umeshaiona hali ya mgonjwa wake, unamjibu nini sasa? Unamwambia mtapigiwa simu. Halafu sisi tukishakabidhi mgonjwa mlangoni hatujui tena kilichoendelea, alipona, hakupona, hakuna anayekuambia. Nimebeba watu wengi sana ambao hadithi zao sijui ziliishia wapi na nadhani ndo maana kichwa kinazimalizia chenyewe usiku, tena kwa ubaya.

DktPembeni
Nipo imejensi pia. Nesi, ni kawaida sana na wala hujachelewa kama unavyodhani.

Mwanzoni kabisa mwa 2020 kule China waliwahoji wahudumu 1,257 wa hospitali 34, karibu asilimia 45 walikuwa na dalili za wasiwasi na theluthi moja usingizi ulikuwa mgogoro, na waliozidi ni manesi, wanawake, na wale wa mstari wa mbele. Hapo dunia nzima ilikuwa bado haijaelewa kinachokuja. Kabla ya hapo kulikuwa na SARS ya 2003, ule ugonjwa wa mapafu wa jamii hii hii ya korona, watafiti wa Toronto waliwarudia wahudumu mwaka mmoja mpaka miwili baadaye, ugonjwa umeshasahaulika, wakakuta waliokuwa kwenye hospitali zilizopokea wagonjwa wa SARS bado wamechoka na wana msongo kuliko wenzao wa hospitali ambazo hazikupokea. Kwa hiyo hofu ya baadaye sio kitu kipya.

Kwa nini inachelewa? Ukiwa kazini una cha kufanya, adrenalini ipo juu, hofu inageuka kuwa mwendo. Mtu anayeshona jeraha hatetemeki, anatetemeka akishavua glovu. Nyie mlikaa na glovu karibu miaka mitatu. Na ile monita, ubongo wako ulijifunza kwamba ule mlio maana yake mtu anaondoka, haujaambiwa kwamba siku hizi mara nyingi ni kidole tu kimechomoka kwenye kipimo.

Na msisahau hofu ile ilikuwa na sababu, haikuwa ya kujitungia. WHO walikadiria wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walikufa kwa korona kati ya Januari 2020 na Mei 2021. Halafu mtu anasema uliichagua mwenyewe. Tulichagua kutibu, hatukuchagua kuvaa mfuko wa taka badala ya gauni la kujikinga. Mimi huwa naona viongozi wengi wanapenda kuwafundisha wafanyakazi kuvuta pumzi taratibu kwa sababu ni bei rahisi kuliko kuongeza watu kwenye zamu.

Ila nikuulize kitu dada, usijibu kama hutaki. Kuna mtu mmoja au usiku mmoja unaokujia zaidi? Maana kwa uzoefu wangu kinachowakaa watu sio woga wa kufa, ni vitu walivyolazimika kufanya au kushindwa kufanya.

BiNasaha
Mimi ni mwanasaikolojia, niongezee kidogo.

Kule kupanda kwa moyo, jasho na kukosa hewa kunaitwa shambulio la hofu, huwa linafika kileleni ndani ya dakika kama kumi halafu linashuka lenyewe, hata usipofanya chochote. Halikuui. Nakuambia hivyo kwa sababu manesi mnajua magonjwa mengi mno na kila moja mnaliona lipo kwenye kifua chenu. Kuna dodoso linaitwa GAD-7, maswali saba, kila moja 0 mpaka 3, ukipata 10 kwenda juu nenda ukaonwe. Lakini kwa ulivyoeleza, kitu kinachokurudisha kule kule kupitia mlio, na imepita zaidi ya mwezi, mimi ningetaka pia upimwe ile hali ya baada ya tukio la kutisha, PTSD, maana tiba yake ni tofauti kidogo. Kuna tiba ya mazungumzo inayolenga tukio lenyewe, na kuna EMDR, ile unafuatisha macho huku unalikumbuka tukio, zote WHO wanazipendekeza.

Usijitibie na diazepamu. Nasema hili kwa sababu watu wa hospitali kabati lipo karibu, mtu anaanza na kidonge kimoja cha usingizi baada ya zamu, na zile dawa zinazoeleka haraka.

Na kama hospitali yenu iliwahi kuwakusanya siku moja kila mtu asimulie alichoona halafu basi, na ukatoka pale umechafukwa zaidi, tatizo halikuwa wewe. Kile kikao kimoja cha lazima WHO hawakipendekezi. Kumlazimisha mtu afungue kidonda mbele ya bosi wake sio tiba.

Kuhusu siri, nenda nje ya kituo chako, sio lazima iwe pale. Mtaalamu wa nje hana sababu ya kumpigia inchaji wako.

NesiWaUsiku
Asanteni jamani, nimesoma mara nyingi kabla ya kujibu.

Dokta umenigusa penyewe. Upo usiku mmoja. Mtungi ulikuwa mmoja na wagonjwa wawili. Uamuzi haukuwa wangu, ulikuwa wa daktari wa zamu, na kitaalamu alikuwa sahihi, hata leo ningesema hivyo hivyo. Ila aliyeutoa mpira wa oksijeni kwa yule na kumpelekea mwingine ni mimi. Alikuwa anaelewa. Alinitazama tu. Sijawahi kumwambia mtu, hata nyumbani, nilikuwa nawaambia tulikuwa bize.

DktPembeni
Pole sana. Yule daktari wa zamu naye mtafute kama bado yupo. Nina uhakika usiku huo anao.

BiNasaha
Nesi, ukienda kwa mtaalamu anzia hapo. Watu wengi wanaenda wanasema nina moyo kwenda mbio, wanatumia vikao vyote kuongelea moyo, mtungi hautajwi.

Mkwaju77
Sawa nimeelewa, nilijibu haraka haraka, samahani dada. Ila mazoezi sijakosea.

BiNasaha
Hujakosea, yanasaidia hata usingizi. Ila asiyafanye kwa kukwepa zamu na monita, kukwepa ndo kunailisha hofu.

MzeeWaKingora
Mama samahani, hiyo EMDR na sisi madereva tunapokelewa au ni ya manesi na madaktari tu?

BiNasaha
Ni ya mtu yeyote baba. Ukifika sema kazi yako na useme hilo la ndugu wanaobaki barabarani, ulivyoliandika hapa linatosha kuanzia.