Wiski ya Ayalandi ya miaka 15 iliyolazwa kwenye mapipa ya brandi, nifungue au niitunze?

Njiro_Juu: Wakuu habari za jioni. Anko karudi safari kaniletea wiski ya Ayalandi, imeandikwa miaka 15 na chini yake wanasema imekaa kwenye mapipa ya brandi, sasa nimebaki njia panda, hii ni wiski au brandi au wamechanganya? Na la pili ndo kubwa, binti yangu yuko sekondari, nawaza niifungie kabatini mpaka siku anamaliza chuo iwe imefika miaka 20 na kitu, si itakuwa tamu zaidi? Nipo Arusha.

Kaunta_Moshi: Mkuu hiyo ni wiski. Wiski ni ya nafaka, hasa shayiri, brandi ni ya zabibu. Pipa lilikaa brandi kwanza, likamwagwa, ndo wakajaza wiski. Mbao ya mwaloni inakunywa pombe, kwaiyo brandi iliyojificha humo inatoka taratibu inaingia kwenye wiski, ndo maana ukinusa unapata zabibu kavu na matunda yaliyoiva. Mara nyingi inaanzia kwenye mapipa ya bourbon, yaani wiski ya Marekani, maana Marekani sheria inataka bourbon ilale kwenye pipa jipya lililochomwa ndani, wakimaliza wanayauza, alafu huko Ayalandi inahamishiwa kwenye la brandi kumalizia. Soma lebo vizuri, kuna iliyokaa kwenye brandi muda wote na kuna iliyopitishwa mwishoni tu, mdomoni ni vitu viwili kabisa.

Kuhusu kuitunza, wiski inakomaa kwenye pipa tu. Ikishaingia chupani umri umesimama, hiyo itabaki 15 hata ukimrithisha mjukuu.

Kibosho_Asilia: Naongezea. Sheria ya Ayalandi wiski lazima ilale kwenye mbao si chini ya miaka 3, na iwe humohumo kisiwani, kilevi kisipungue asilimia 40. Hiyo 15 ni umri wa ile changa kuliko zote zilizomo, inawezekana kuna na ya zamani zaidi. Na kila mwaka kama asilimia 2 inapotelea hewani kupitia mbao, piga hesabu miaka 15 uone kwanini bei inapaa. Mbege yetu ya ndizi ukiichelewesha siku chache imeshachacha, wao wamekeneka, yaani wamechemsha wakakusanya mvuke, wengi mara tatu, ndo maana inaweza kusubiri hivyo.

MamaG_Sakina: Mi nasema atunze tu kama anataka, haitaongezeka utamu sawa ila haiharibiki, na siku ya mtoto ina thamani yake. Kaka isimamishe, usiilaze, pombe kali inakula kizibo cha gome la mti. Weka mbali na jua. Ila ukishafungua ikafika nusu usiikalishe, hewa inaipunguza harufu.

Njiro_Juu: Asanteni sana, dada MamaG umenigusa, inasubiri sherehe. Siku hiyo wazee wanaweza kuchanganya na koka?

Kaunta_Moshi: Hapana mkuu, nakuomba. Koka itafunika yote yaliyotoka kwenye lile pipa. Wamiminie kidogo, barafu iache kwanza, wanuse mdomo ukiwa wazi kidogo, waonje ilivyo, alafu wadondoshee maji matone mawili matatu waonje tena, hapo matunda yanafunguka. Wenye koka wape konyagi.