Nyie mnaofanya kazi na bado mna hobi zenu, muda mnautoa wapi?

WinoMkavu:
Wakuu habari zenu. Nimeajiriwa, natoka asubuhi narudi jioni, nina mke na mtoto wa miaka mitatu ambaye akiona karatasi nyeupe anajua ni mali yake. Tangu nikiwa shule napenda kuchora, na nina hadithi yangu ya katuni, ile ya fremu fremu na maneno kwenye mapovu, yote ipo kichwani mpaka mwisho, ila kwenye karatasi haisogei.

Kila Jumapili usiku najiapiza, wiki hii lazima. Jumatatu nimechoka. Jumanne bosi anatuma kitu jioni anakitaka kesho asubuhi. Jumatano nakaa, natafuta kalamu, natafuta rula, nafuta meza ilikuwa na mabaki ya uji wa mtoto, natafuta ukurasa niliokuwa nachora, nikishavipata vyote macho yanafunga yenyewe. Alhamisi naangalia video za watu wanaochora, tamu kweli ila mkono wangu unabaki palepale. Wikiendi ndo usiseme kabisa.

Mke wangu hana neno baya ila juzi kaniuliza tu kwa upole, "hivi hicho kitabu chako kitaisha lini?" nikakosa jibu.

Msiniambie niache simu, hilo nalijua na nimeshalisikia. Nataka kujua mtu mwenye kazi na familia ambaye bado anapiga gitaa au anashona au anaandika mashairi, wiki yako ya kawaida inakaaje? Na kama yupo aliyeamua kuacha kabisa akapata amani naye aje, sitamcheka. Nawasilisha.

Jogoo_wa_Kwanza:
Mkuu amka saa kumi alfajiri, mengine yote ni visingizio. Kuna mwandishi wa Uingereza anaitwa Anthony Trollope, alikuwa mfanyakazi wa posta kuanzia 1834 mpaka 1867, na saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko mezani, saa ameiweka mbele yake, anajiwekea lazima maneno 250 kila robo saa, afu ndo anaenda kazini kama watu wengine. Katoa riwaya 47 huyo. Hakusubiri mudi. Jilazimishe siku 21 mfululizo, ikishakuwa tabia hata alamu hutaihitaji.

Sindano na Uzi:
@Jogoo huyo Trollope wako alikuwa na mtumishi wa kumwamsha na kumletea kahawa, tena alimlipa nyongeza kwa kazi hiyo, kasema mwenyewe alipoandika habari za maisha yake. Sa nani asingeamka? Mtoto wa miaka mitatu naye anaamka alfajiri, tena bila kulipwa.

Kama ni mifano basi tumchukue Toni Morrison, yule mwandishi wa riwaya wa Marekani, alikuwa mhariri wa vitabu, watoto wawili wa kiume analea peke yake, na alieleza kwamba kuandika kabla hakujapambazuka kulianza kwa kukosa njia, alitaka autumie muda ule kabla hajasikia neno "mama". Riwaya yake ya kwanza ikatoka 1970. Hapo unaona tofauti, hakufuata saa fulani kwa sababu saa hiyo ina baraka, aliifuata kwa sababu ndo ilikuwa haina mtu. Kwa mwingine saa hiyo ni mchana wakati wa mapumziko kazini, kwa mwingine ni usiku watoto wakilala. We tafuta yako ambayo haina mtu, usikope ya Jogoo.

Mi nashona mablanketi ya viraka. Kwetu tulikaa mimi na mume wangu tukagawana jioni, mbili zangu, mbili zake, zilizobaki za wote. Zake anaenda mpira. Zangu nikiingia chumbani kushona naye ndo baba na mama na mpishi na hakimu wa ugomvi wa remote, haniiti mpaka kuwe na damu. Na nazichukua hata siku sina hamu, nakaa tu nakata vitambaa, maana ukiiachia jioni yako mara moja inageuka jioni ya vyombo na hairudi tena.

Sasa kaka nikuulize kitu na usinune. Mkeo kakuuliza kitabu kitaisha lini. Wewe umewahi kumuuliza yeye angependa kufanya nini kama angekuwa na jioni yake? Maana uzi mzima umesema "sina muda" na sijaona mahali umesema nani anamlaza mtoto ukiwa unatafuta hiyo rula.

Jogoo_wa_Kwanza:
Hahaha dada umeniweza, mtumishi nakubali. Ila Shaaban Robert je? Alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, alianza idara ya forodha 1926, akaajiriwa miaka na miaka na mashairi na vitabu kaviandika akiwa humohumo kwenye ajira. Kwahiyo kazi siyo sababu.

Sindano na Uzi:
Hajasema kazi ni sababu. Kasema saa akikaa mezani anasinzia. Rudi usome.

kamba_sita:
Nimekuja kwa ajili ya hizo siku 21, huwa zinanikera. Asili yake ni daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, ambaye 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji siku kama 21 au zaidi kuizoea sura yao mpya. Sura, siyo kuchora katuni! Watu wakabeba ile namba wakaacha ule "zaidi". Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 wanaojaribu kuzoea vitu vyepesi kama kunywa maji wakati wa kula au kufanya mazoezi, wakachapisha 2010, wastani ukatoka siku 66, mwingine 18, mwingine makadirio yakafika 254. Na kitu nilichokipenda, kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Kwahiyo mleta uzi Jumanne ya bosi isikuulie wiki nzima.

Ila sidhani shida yako ni siku ngapi. Soma tena Jumatano yako mwenyewe. Muda ulikuwepo! Umeumalizia kwenye kutafuta vitu. Mi napiga gitaa, na lilipokuwa ndani ya begi lake juu ya kabati lilikuwa linapigwa sikukuu kwa sikukuu, sasa nimelitundika ukutani pale pa kupita kwenda jikoni, nangoja maji yachemke napiga kidogo, simu ya mtu inaita haipokelewi napiga kidogo. Sijaongeza hata saa moja kwenye siku yangu, nimetoa tu zile hatua za katikati.

We tafuta ubao mwepesi, bandika huo ukurasa kwa gundi ya karatasi ubaki hapohapo mpaka uishe, kalamu, rula na ufutio ndani ya boksi moja lenye mfuniko, vyote juu mtoto asipofika. Ukikaa unashusha vitu viwili unaanza. Na usiku ukiacha, usiache mahali pazuri pa kupumzikia, acha katikati kabisa, mkono wa mtu haujaisha vidole, afu pembeni andika kwa penseli kinachofuata ni nini. Kesho yake hufikirii uanzie wapi, unamalizia vidole na ukishamaliza vidole tayari umeshaingia kwenye kazi.

Fremu Tisa:
Hapa sasa mmeingia kwenye eneo langu, nachora katuni miaka mingi pembeni ya ajira, ngoja nimwage kila kitu.

Mleta uzi wewe unasema "kuchora" kana kwamba ni kazi moja, kumbe ni kazi nyingi na hazitumii kichwa sawasawa. Kupanga ukurasa, nani asimame wapi, fremu ngapi, jicho la msomaji liende wapi, hiyo ni kazi ya akili fresh na usiifanye ukiwa umetoka kazini, utachora ujinga na kesho utaufuta. Lakini kupiga mistari ya fremu kwa rula? Kujaza weusi kwenye nywele na vivuli? Kufuta penseli baada ya wino kukauka? Kuchora matofali ya ukuta kwa nyuma? Hizo unafanya huku unapiga miayo na unasikiliza redio. Mi nina bahasha mbili, moja ya kurasa zinazotaka kichwa, nyingine ya kurasa zinazotaka mkono tu. Nikirudi nimechoka hata siigusi ile ya kwanza. Ile ya kichwa naifungua Jumamosi asubuhi, na siihitaji muda mrefu, maana kupanga ukurasa naufanya kwa vichoro vidogo vya ukubwa wa kiberiti, kurasa kadhaa zinaisha kwa mkao mmoja.

Maneno ya kwenye mapovu usiyaandikie mezani hata siku moja. Yaandike kichwani ukiwa kwenye usafiri au foleni, wahusika waache wabishane, ukifika unanukuu kwenye simu. Hapo simu inakuwa na kazi ya maana kwa mara ya kwanza tangu uinunue.

Jambo la mwisho halafu niwaache, na hili litakuuma. Hiyo hadithi "yote mpaka mwisho" ina kurasa ngapi? Nahisi ni mia na kitu. Iweke kabatini. Chukua mhusika mmoja kutoka humo, mchoree kisa cha kurasa nne, kimalize, kisomwe na mtu. Siyo kwa sababu ndoto yako ni kubwa mno, ila kuna vitu kuhusu mkono wako hutavijua mpaka ufike ukurasa wa mwisho wa kitu, na kwa spidi ya baba wa mtoto wa miaka mitatu ukurasa wa mia utaufikia mtoto ana ndevu.

pikolo:
Kuhusu "itaisha lini", mwambie shemeji kwamba Borodin, mtunzi wa muziki wa Urusi, alikuwa mkemia, profesa kabisa wa kemia, muziki alikuwa anautungia kwenye mabaki ya muda, opera yake ya Prince Igor aliianza 1869 na 1887 akafa haijaisha, watunzi wenzake Rimsky-Korsakov na Glazunov ndo wakaja kuimalizia. Na bado inachezwa mpaka leo. Kwahiyo tafuta tu marafiki wazuri 😂

Mzee wa Lenzi:
Umesema aliyeacha aje, nimekuja.

Nilikuwa napiga picha, hobi safi kabisa, naenda zangu nje jioni napiga miti, watu, kuta. Wakaanza kuniambia "kaka picha nzuri hizi, kwanini usifanye biashara", nikafanya. Ndani ya muda mfupi nikawa na bosi wa mchana na mabosi wa wikiendi, hawa wa wikiendi ndo wakali zaidi, anataka albamu yake kesho na anataka apunguzwe tumbo. Zile jioni za miti zikafa. Nikauza kamera kubwa na lenzi zote na sijutii, nalala vizuri, nacheza na wanangu, na nimekuwa mtu wa kutazama tu picha za wengine bila wivu.

Kwahiyo jibu langu ni ndiyo, amani ipo. Ila angalia mimi niliacha biashara, mwenzangu unaulizia kuacha kitu ambacho bado hakijakukera hata kidogo. Unalalamika hukipati, hulalamiki kwamba umekichoka. Mi ningekuwa sijakichoka kama wewe hivi ningekuwa bado na kamera. Na ukianza kusogea usimwambie mtu yeyote kwamba inauzwa, na usiweke mtandaoni kila ukurasa, utaanza kuchorea watu wa mtandaoni badala ya kuchora.

WinoMkavu:
Jamani asanteni, sikutegemea.

Dada Sindano ile swali lako lilinikalia kooni siku nzima ofisini. Nimemuuliza jana usiku. Nilidhani atasema anataka kurudi kusoma au kuimba, kaniambia anachotaka ni masaa mawili Jumamosi mchana alale mlango umefungwa na asiitwe na kiumbe chochote. Tumekubaliana, Jumamosi mchana mtoto ni wangu, Jumanne na Alhamisi usiku yeye ndo anamlaza. Kaongeza kwamba Alhamisi nikikutwa naangalia video za watu wanaochora makubaliano yamekufa.

Fremu Tisa kurasa ni mia na themanini mkuu usinicheke. Nimeumia kweli ila nimechagua mhusika, yule fundi saa mzee, namtolea kisa chake.

Swali, hizo Jumamosi nikiwa na mtoto, kuna namna ya kuchora naye akiwa macho au nisijidanganye? Mara ya mwisho alipitisha kiganja kwenye wino mbichi ukurasa mzima ukaisha.

Fremu Tisa:
180!!! 😂😂 Haya.

Ukiwa naye hakuna wino, hilo ni sheria. Wino ni wa Jumanne na Alhamisi. Jumamosi mnakaa meza moja, yeye na karatasi zake nyingi na rangi zake za nta, wewe na vile vichoro vya ukubwa wa kiberiti kwa penseli kwenye daftari la bei ya chini ambalo akilichukua akalichora hujapoteza kitu. Utafanya dakika kumi, utaitwa kumchorea paka, utamchorea paka, utarudi. Usihesabu kama ni muda wa kazi, ukipata fremu mbili shukuru.

Na kwa huyo fundi saa, kwenye penseli anza na mapovu ya maneno ndo uchore watu, siyo kinyume. Wengi tunachora sura nzuri afu tunagundua maneno hayana pa kukaa, tunamziba mtu kichwa. Andika herufi kwanza kwa ukubwa wake halisi, zizungushie povu, nafasi itakayobaki ndo ya fundi wako na saa zake. Ukimaliza ukurasa wa kwanza wa penseli uulete hapa tuuone, Mzee wa Lenzi anune tu.